Dundu, Kamanda na Banda la Verna

Juni 4

Kosa ambalo watu wengi hulifanya wanapowasikia Mwingereza na Mmarekani wakibishana juu ya kifaa cha mkono ni kudhani kwamba ugomvi ni wa jina. Jina ni jambo jepesi. Yule anasema spana, huyu anasema renchi, na nati inafunguka vilevile. Kwa maoni yangu ugomvi huwa ni wa kiburi, jina ni kisingizio tu. Nimefundisha jiometri na Kilatini katika bonde hili la Vermont mpaka nikastaafu, na kiburi nakijua hata kinapokuja kimevaa koti la mtu mwingine.

Nayaandika haya kwa sababu leo jirani yangu Verna Tuttle amejikuta ana mafundi wawili badala ya mmoja. Banda lake la ng'ombe liliangushwa na uzito wa theluji mwezi Februari. Ng'ombe walinusurika kwa kuwa walikuwa upande uliobaki umesimama. Kiangazi hiki anawakamulia kwenye kibanda cha mabati, lakini mabati hayamkingi ng'ombe na Januari ya huku. Basi ameshamwambia mnunuzi wa mifugo: ikifika wiki ya pili ya Oktoba na banda jipya halina paa, aje na lori awachukue wote. Verna hajawahi kuamka asubuhi pasipo ng'ombe tangu azaliwe. Aliponieleza hakulia. Alikuwa anamenya kiazi, akaendelea kukimenya mpaka kikaisha.

Fundi wa kwanza ni Orrin Stickney, aliyekuwa mwanafunzi wangu, mjenzi wa mabanda kama baba yake na babu yake. Wa pili ameshuka leo kutoka Uingereza, amekuja kusaidia kujenga banda: Desmond Preece wa Herefordshire, aliyemwoa mdogo wake Verna, fundi wa nyumba za mbao. Sanduku lake la vifaa ni zito kuliko la nguo.

"Shemeji, ungeniambia una fundi," Desmond alisema.

"Shemeji, ungeniambia unakuja," Verna akamjibu. "Sasa mpo wawili. Gawaneni banda."

Wakaligawana papo hapo mezani: Orrin akachukua upande wa kaskazini, Desmond wa kusini.

Juni 9

Mvua kutwa. Desmond amechemsha chai, Orrin amechemsha kahawa. Hakuna aliyeonja ya mwenzake.

Juni 15

Magogo ya msonobari yamerudi kutoka kiwandani yakiwa yamepasuliwa boriti na nguzo. Ni miti ya msitu wa Verna mwenyewe, na bado inanukia utomvu.

Asubuhi Orrin alinyoosha mkono. "Bwana Preece, nipe hicho kibanio cha C."

"Hapa hakuna C," Desmond akasema, akikigeuzageuza. "Hiki ni kibanio cha G."

"G iko wapi?"

"Tazama skrubu inavyoingia ndani. Ule ndio mkia wa G."

"Basi wewe umehesabu skrubu. Mimi nimehesabu chuma."

"Mimi nahesabu ng'ombe," Verna akawaambia akipita na ndoo. "Kibaneni hicho kibao."

Niseme kwa faida ya atakayesoma: wote wawili wako sawa. Kifaa ni chuma kilichopinda kama herufi C, na kuna skrubu inayoingia mdomoni mwake. Huku kwetu tunalitazama umbo, Waingereza wanaitazama na skrubu. Lakini wenyewe hawakutaka kuelezwa. Walitaka kushinda.

Juni 23

Leo ni zamu ya pimamaji. Desmond huiita pimamaji ya spiriti, kwa kuwa kile kimiminika ndani ya kioo, chenye kile kipovu, kilikuwa spiriti tangu zamani. Orrin alicheka mpaka akaketi.

"Hata kifaa cha kunyooshea boriti mnakitia kilevi! Ndiyo maana nyumba zenu zimepinda."

"Zimepinda, lakini zina miaka mia nne," Desmond akamjibu. "Niambie la kwenu lenye miaka mia nne."

"Hilo jiwe ulilolikalia."

Desmond alisimama, akalitazama jiwe, akakubali kwa kichwa. Sijui kwa nini, lakini nilianza kumpenda kidogo.

Julai 2

Desmond alikuwa akichungulia ndani ya tundu alilolichonga, akaomba tochi. Orrin, kwa uso mkavu kabisa, akampa kile kifaa cha kuwashia moto wa kuchomelea mabomba, ambacho ndicho sisi tukiitacho tochi. Alijua vizuri alichoombwa. Tangu hapo Desmond akitaka mwanga hutumia kioo cha kunyolea na jua.

Julai 4

Sikukuu ya uhuru. Desmond ameleta keki yenye maandishi ya sukari: HONGERENI KWA KUTUONDOKEA. Orrin amekula vipande vitatu na kumwita kaka, kisha akakana kwamba alimwita kaka.

Julai 11

Nimekaa kutwa kwenye kiti changu cha turubai, nikiwatazama. Orrin ana ubao mmoja mwembamba uliokatwa kwa mfano. Huuweka juu ya mti, huchora kwa penseli, husogea mbele. Hivyo ndivyo anavyotengeneza magoti, yaani vile vipande vya mshazari vinavyoshika nguzo na boriti zisiyumbe upepo ukija. Kila akimaliza goti hulitupa kwenye rundo, na rundo linakua haraka.

Desmond ni kinyume. Yeye hulaza goti juu ya nguzo, huinama, hunyanyua jicho, hulisogeza kwa unene wa ukucha, huinama tena, huchora kwa bikari. Anapomaliza huchanja kimstari kwa patasi, kimoja kwenye goti na kingine kwenye nguzo. Kutwa nzima amemaliza machache tu. Niseme kweli: nimeona ni madaha. Nimeona mtu anayepapasa mti kama muuzaji wa vitambaa anayetaka uone hariri yake.

"Mwalimu," Orrin aliniambia jioni, "huyu bwana akiendelea hivi, ng'ombe watazaa wajukuu."

Sikumtetea Desmond.

Julai 20

Leo limetoka sandukuni lile dude. Ni nyundo ya mti, kichwa chake kikubwa kama pipa dogo, mpini wake mrefu kama wa shoka, ya kugongea nguzo zinapokataa kuingia mahali pake. Orrin naye anayo yake, pacha kabisa.

Desmond huiita Dundu, kama mdudu. Orrin huiita Kamanda.

"Mtu mzima unaita nyundo mdudu?" Orrin akauliza.

"Mtu mzima unaipigia saluti?" Desmond akamuuliza.

Verna alizitazama zote mbili, akasema zinafanana na marehemu mama mkwe wake, naye pia alikuwa akigonga kitu mara moja tu.

Agosti 8

Majani makavu ya kuwalisha ng'ombe wakati wa baridi yanavunwa. Mafundi wote wawili mashambani, hakuna seremala leo. Desmond ameungua shingo na jua. Orrin amempa kofia yake.

Agosti 9

Majani.

Agosti 10

Majani. Mgongo wangu umeniambia nina umri gani.

Agosti 27

Nimelazimika kubadilisha maoni. Leo Desmond aliniita nione goti moja likiingia mahali pake. Hakuna pengo hata la kupitisha unyasi. Nguzo ile ina uvimbe mahali tawi lilipokuwa, na goti lina kibonyeo palepale cha kuupokea uvimbe. "Mti haunyooki kwa kuamriwa, Mwalimu," alisema. "Naufuata ulivyo." Basi si madaha. Lakini bado niliona ni uzuri tu, ufundi wa ziada, kama mtu anayeandika barua ya dukani kwa mwandiko wa harusi.

Septemba 12

Matufaha ya kijani yameanza kuanguka, na vilele vya mlima vimeshika wekundu. Mnunuzi wa mifugo amepita leo kwa gari dogo, akawatazama ng'ombe kutoka barabarani. Hakushuka. Verna alimpungia mkono, kisha akaingia ndani, akafunga mlango taratibu sana.

Kila kitu kimechongwa. Jumamosi ya wiki ijayo bonde zima litakuja kuinua banda. Ni Jumamosi hiyo au basi: baada yake kila familia inaingia kwenye mavuno ya matufaha, na hutampata mtu mpaka lori limeshakuja.

Septemba 18

Watu wa kanisani wamekuja leo kusaidia kusafisha, Orrin akiwaongoza, Desmond akiwa mjini kutafuta vigingi vya mwaloni vya kukazia viungo. Wamezipiga randa nyuso za nje za miti yote ili banda la Verna lipendeze, wakapanga magoti yote katika rundo moja nadhifu. Miti inang'aa kama meza ya karamu. Wametuaga kwa furaha na kwenda zao.

Septemba 20

Nimechoka na sitalala kabla sijaandika.

Walikuja wote. Kabla umande haujakauka uwanja ulikuwa umejaa: maharage yaliyookwa kwa sharubati ya mti, ule utomvu mtamu tunaouchemsha huku, pai za matufaha na jibini, watoto chini ya meza, wanaume na wanawake wenye miti mirefu yenye ncha za chuma ya kusukumia fremu juu. Desturi yetu ni hii: fremu huunganishwa zikiwa zimelala sakafuni, kisha huinuliwa na watu wote kwa pamoja, na mtu mmoja tu ndiye hutoa sauti. Leo sauti ilikuwa ya Orrin.

Fremu za kaskazini ziliunganishwa kama mchezo. Orrin aliokota goti lolote lililokatwa kwa ubao wake, akalisukuma, likaingia.

Zikafika za kusini. Orrin akaokota goti, akalisukuma, likagoma. Akaliondoa, akaokota jingine. Likagoma. La tatu liliingia nusu, likabaki linacheza kama jino bovu.

"Mlete Kamanda," Orrin akasema.

"Ngoja," Desmond akaita kutoka upande wa pili. "Orrin, ngoja kwanza!"

Lakini Kamanda alikuwa ameshashuka. Ulimi wa goti, ile ncha inayoingia kwenye tundu la nguzo, ukapasuka katikati, na mlio wake ukanyamazisha hata watoto.

Desmond alifika mbio, akapiga magoti penye nguzo, akaipapasa. "Alama zangu ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Nilichanja kila goti na kila nguzo! Nani amezifuta?"

Orrin akavua kofia. "Ile mikwaruzo? Tuliipiga randa. Tulitaka kukung'arishia."

"Bila alama sijui lipi la wapi!"

"Lipi la wapi? Goti ni goti, bwana!"

"Ah! Goti lako lingekaa kwenye mguu wa Verna?"

"Magoti yangu yanakaa popote, muulize yeyote!"

"Yangu yanakaa pamoja tu!"

Hapo ndipo nilipoona. Niliona nilivyokuwa nimekaa kiangazi kizima kwenye kiti cha turubai, nikitazama kila kitu bila kuelewa. Orrin, anapopima mti uliopinda, huwaza mti mwingine ulionyooka ndani yake, kisha huchonga kila kiungo mpaka aufikie ule wa ndani. Kwa hiyo viungo vyake vyote ni sawasawa, na goti lolote huingia popote. Hivyo ndivyo babu zake walivyofanya huku, na haiwezi kumpitia akilini kwamba mtu anaweza kufanya vinginevyo. Desmond hunakili kila mti kwa mti mwenzake, kwa hiyo kila goti lina nguzo yake moja duniani. Hivyo ndivyo babu zake walivyofanya kule, naye haikumpitia akilini kwamba mtu angeweza kuzifuta zile alama. Wamebishana juu ya majina tangu Juni, na jambo hili moja hakuna aliyelisema, kwa sababu kila mmoja aliona halihitaji kusemwa.

Kelele zilipanda. Waliounganisha fremu za kaskazini wakawa na Orrin, wanawake waliokuwa wakiandaa chai wakawa na Desmond. Verna alikuwa ameketi juu ya boriti, ameelekea malishoni. Ng'ombe walikuwa wamekuja uani kutazama, kama kawaida yao watu wakikusanyika. Kisha akasimama.

"Nyamazeni," alisema, wala hakupaza sauti. "Kila mkifungua midomo mnagombana. Desmond, chukua goti moja, unionyeshe mikono yako ilifanya nini. Neno moja usiseme. Na wewe Orrin, tazama. Neno moja usiseme."

Desmond akachukua goti. Akalilaza juu ya nguzo, akainama, akaonyesha kwa kidole jinsi ukingo wa goti ulivyofuata kila kibonyeo cha nguzo. Akaonyesha bikari ilivyopita. Orrin alikuwa amechuchumaa, mdomo umefungwa, na uso wake ulikuwa ule niliouona zamani darasani, alipoelewa kwa mara ya kwanza kwa nini pembe tatu za pembetatu zikiwekwa pamoja hufanya mstari ulionyooka.

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alifumba macho. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa goti, polepole, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto gizani. Akaenda kwenye nguzo ya kwanza, akapapasa. Hapana. Ya pili. Hapana. Ya tatu alisimama.

"Hapa," akasema, akiisahau amri. "Hapa pana kauvimbe. Na hapa pana kashimo. Shika."

Desmond akashika. Akasukuma goti. Likaingia kwa mlio mwororo, kama mlango wa kabati zuri.

"Shemeji," Desmond akamwambia Verna, "nisingeliweza mwenyewe. Mimi nimezoea alama. Huyu anasoma kwa kidole."

"Usinisifu sana," Orrin akasema. "Nitaanza kutia kilevi kwenye pimamaji."

Basi bonde zima likaokota magoti. Hebu fikirini: wakulima, mwokaji, mchungaji wa kanisa, bibi wa posta, kila mmoja kakumbatia kipande cha mti, anakwenda nguzo hadi nguzo akifumba macho na kupapasa, kama watu waliopotezana sokoni na sasa wanatafutana. "Huyu si wako! Mjaribu wa kule mwisho!" "Ana tumbo, huyu, anahitaji nguzo yenye kiuno!" Kila goti lilipoingia watu walishangilia kama bao limefungwa. Mchungaji alipata lake, akarukaruka. Mimi mwenyewe nilipata moja, na nakiri kwamba nililipigapiga kama mgongo wa rafiki.

Likabaki lile lililopasuka. Orrin alileta mti mpya, akaukata kwa ubao wake wa mfano, haraka, akiacha unene kidogo. Desmond akaulaza juu ya nguzo na kuunakili. Walifanya kazi bega kwa bega.

"Dundu," Desmond akasema, akinyoosha mkono.

"Anaitwa Kamanda," Orrin akasema, akimpa.

"Dundu."

"Kamanda. Gonga, bwana, watu wana njaa."

Akagonga. Likaingia.

Saa za alasiri Orrin alipanda juu ya rundo la mbao, akajaza kifua. "Wote mikono kwenye mti! Kwa pamoja… inueni!" Fremu ya kwanza ikaondoka sakafuni, ikafika viunoni, ikafika vifuani, miti yenye ncha ikaipokea, ikapanda, ikasimama, na ulimi wa kila nguzo ukadondoka ndani ya tundu lake kwa kishindo nilichokisikia kwa miguu. Verna alikuwa miongoni mwa wasukumaji. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Fremu ya mwisho iliposimama, Orrin alikata tawi bichi la msonobari ili lipigiliwe kileleni, kama ifanywavyo huku kuushukuru msitu uliotoa miti. Alikuwa anajiandaa kumweleza Mwingereza maana yake. Alipogeuka alimkuta Desmond ameshashika tawi lake.

"Na ninyi?" Orrin akauliza.

"Na sisi," Desmond akasema.

Yamepigiliwa yote mawili.

Septemba 29

Paa upande wa kusini limekamilika. Orrin amekunywa chai. Ameisema vibaya, lakini ameimaliza.

Oktoba 5

Paa limekamilika kote. Mvua imenyesha, tumesimama ndani, sote wakavu, tukiisikiliza.

Oktoba 13

Theluji ya kwanza, nyepesi, kama unga uliomwagika. Lori la mnunuzi wa mifugo limefika asubuhi, kama ilivyokuwa ahadi. Mwenyewe ameshuka, amelitazama banda kutoka msingi hadi kileleni, na ameuliza kama anaweza kuingia. Amelipita goti moja baada ya jingine akipitisha kidole, bila kuambiwa na mtu. Verna amempa kipande cha pai na kumwambia pole kwa safari ya bure.

"Si ya bure," amesema, mdomo umejaa. "Nina banda la kukarabati mwakani. Hawa mafundi wako ni wa wapi?"

"Wa kwetu," Verna akajibu.

Kisha amewafungulia ng'ombe lango. Wa kwanza alisita mlangoni, akanusa mbao mpya, akapiga chafya, akaingia. Wengine wakamfuata wakisukumana, na joto lao likajaza banda mara moja. Verna amekaa katikati yao kwenye kigoda chake, ameanza kukamua, na sauti ya maziwa ndani ya ndoo imenitosha kwa mwaka mzima. Nje, Orrin na Desmond wanabishana kwa sauti kubwa jina la bawaba. Wamefurahi mno, nami sina nia ya kuwapatanisha.

Nilikosea mwanzoni mwa shajara hii. Ugomvi haukuwa wa jina, lakini haukuwa wa kiburi pia. Kila mmoja alidhani mikono ya mwenzake inajua inachojua mikono yake. Majina yalisikika kila siku, kwa hiyo hayakumdhuru mtu. Kilichotaka kumnyang'anya Verna ng'ombe wake ni kile ambacho hakuna aliyeona haja ya kukionyesha.

Basi wewe unayesoma: leo, kabla hujalala, mwendee mtu mmoja unayefanya naye kazi, mwambie akuonyeshe kwa mikono yake jinsi anavyoifanya, na unyamaze mpaka amalize.